Eti "usherette"? Acheni kupunguza dada zetu

Zamani kule Uingereza na Marekani, mwanamke aliyeshika tochi sinemani na kukuonyesha kiti gizani aliitwa "usherette". Mwanaume wa kazi ileile? "Usher" tu. Hako kamkia "-ette" kametoka Kifaransa na kanafanya kazi kama "ka-" yetu: "kitchenette" ni kajiko. Kwa hiyo dada alikuwa kahudumu! Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail liliwabandika wanawake waliodai kura jina "suffragettes", kwa dharau. (Wenyewe wakalichukua wakatamba nalo, safi sana.)

Kuna watu watasema hilo ni jina tu, tuache. Jamani, giza ni lilelile, ngazi ni zilezile, na tochi haijui nani kaishika.

Na tusiwacheke Wazungu peke yao. Kiswahili kimetupa "mhudumu", neno lisilouliza jinsia. Lakini angalieni orodha zetu za kujitolea hapa kambini: "mhudumu", halafu chini yake "mhudumu wa kike". Nani aliomba hiyo "wa kike"? Zamu ni moja, jua ni moja. Orodha ya mwezi ujao ifuteni.