Tusimuulize mtoto wa Kapata kama roboti yake italeta unga

KOLWEZI – Leo sikuandika habari ya mkutano wala ya ajali. Nataka kutoa maoni yangu, na ninaanza kwa kukiri kosa nililolifanya mimi mwenyewe mbele ya mikro.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kapata, mwanafunzi wa sekondari ya ufundi, alikuja studio na kitu alichokifunga ndani ya kitenge cha mama yake. Alipokifungua tuliona kichwa cha roboti. Uso ulikuwa kopo la maziwa ya unga lililokatwa, shingo ilikuwa kipande cha bomba la plastiki, na mbele yalikaa macho mawili makubwa meupe. Aliunganisha waya, akangoja kidogo. Macho yakafunguka, yakaangalia kushoto, yakaangalia kulia, halafu yakanigeukia mimi na kupepesa. Fundi mitambo wetu aliruka nyuma.

Tukaingia hewani. Badala ya kumuuliza kijana ameyatengeneza namna gani, nilimuuliza: «Mdogo wangu, roboti hii itafanya kazi gani?» Akajibu kwa sauti ndogo: «Yaya, kwa sasa inaangalia tu.» Papa mmoja akapiga simu, akasema: «Macho hayo yataleta unga nyumbani?» Studio nzima ikacheka. Nami nilicheka. Kijana alifunga roboti yake ndani ya kitenge, akashukuru kwa adabu, akaondoka.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mama yake sokoni. Aliniambia mtoto ameacha kwenda shule. Asubuhi anatoka na wenzake kwenda kuosha mawe mtoni. Mama hakunilaumu. Alisema tu: «Siku ile alirudi nyumbani amenyamaza.» Maneno hayo yalinifuata mpaka kitandani. Jumapili yake nilichukua pikipiki nikaenda Kapata kumwomba msamaha, na kumuuliza lile swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza.

Alinielezea kwa saa mbili nzima. Nitawaandikia kwa kifupi, kwa sababu wengi wetu tunadhani kazi ile ni mchezo wa watoto.

Kila jicho ni nusu ya mpira wa tenisi ya meza, mboni imechorwa kwa kalamu nyeusi. Nyuma ya jicho kuna kiungo kinachoruhusu kugeuka pande mbili, kushoto na kulia, juu na chini. Ni wazo lile lile la kardani ya gari. Macho mawili yameunganishwa kwa kijiti kimoja cha chuma, spoki ya baiskeli iliyokunjwa, ili yageuke pamoja, kama magurudumu ya mbele ya gari yanavyofuata usukani. Kijiti kikiwa kirefu kwa milimita mbili tu, macho yanakuwa makengeza. Alikikata na kukikunja upya mara nyingi mpaka yakanyooka.

Kinachovuta vijiti hivyo ni mota ndogo tatu za aina ya servo, ambazo aliziagiza Lubumbashi kwa mtu wa basi. Mota ya namna hii haizunguki ovyo. Unaiambia nenda digrii 60, inakwenda digrii 60 na kusimama pale. Moja inageuza macho kushoto na kulia, ya pili juu na chini, ya tatu inafungua na kufunga vigubiko. Vigubiko vyenyewe alivikata kwenye kitako cha chupa ya mafuta ya kula.

Hapo mwanzo roboti yake haikuwa na vigubiko, macho yalibaki wazi wakati wote. Mdogo wake wa kike alilia, akakataa kulala katika chumba kile. Alipoweka vigubiko, mtoto yule yule akaanza kuisalimia roboti asubuhi. Kijana akaelewa jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha: jicho peke yake linatisha, kigubiko ndicho kinacholipa tabia. Kikishuka nusu, roboti ina usingizi. Kikipanda juu kabisa, imeshtuka. Kigubiko cha chini kikiinuka kidogo, unaona kama inatabasamu, na mdomo haina.

Akaendelea. Kwanza aliipanga ipepese kila baada ya sekunde 4. Ikawa kama taa ya gari linalotaka kukata kona. Basi akaanza kutuangalia sisi watu. Binadamu hapepesi kwa saa. Anapepesa haraka haraka, halafu anakaa, halafu tena, na kwa jumla ni kama mara 15 au 20 kwa dakika. Akabadilisha programu ili muda uwe unabadilika wenyewe, mara sekunde 2, mara 6. Pia aligundua kwamba macho yetu, yakitoka kitu kimoja kwenda kingine, hayatelezi polepole, yanaruka. Roboti yake ilipokuwa ikitelezesha macho, kila mtu mtaani alisema imelewa. Alipoifanya iruke na kutulia, wakaacha kusema hivyo.

Halafu kulikuwa na ugonjwa wa umeme. Mota tatu zikianza pamoja, nguvu ilishuka, ule ubao mdogo unaotoa amri ukazima na kuwaka upya, na macho yakabaki yanatetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Siku nyingi alidhani programu ndiyo mbovu. Mwisho akatenga: ubao unakula umeme wake, mota zina betri zao, waya hasi za pande zote mbili zimeunganishwa. Ugonjwa ukaisha.

Sasa mniambie, wazazi wenzangu. Kijana huyu amepima, amekata, amekosea, amechunguza watu, amegundua chanzo cha hitilafu na amekitibu. Yote kwa macho mawili tu. Kuna somo gani la ufundi ambalo halimo humo?

Kuna watakaosema kwamba mambo ya roboti ni ya Wazungu na Wajapani. Nawakumbusha Kinshasa. Mwaka 2013 ziliwekwa barabarani kule roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Mkongomani, Mama Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wahandisi wenzake wanawake. Zilikuwa za aluminiamu, zenye urefu wa karibu mita 2 na nusu, zilitumia nguvu ya jua, ziligeuza kifua na kuinua mikono yenye taa nyekundu na kijani. Mwezi wa tatu 2015 zikaongezwa tatu nyingine, na zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Habari zake zilizunguka dunia nzima. Wapo madereva walioambia waandishi kwamba wataheshimu roboti kuliko wanavyomheshimu polisi.

Roboti hizo zilikuwa na kamera, na baadhi ya kamera hizo zilikuwa machoni. Yaani yalikuwa macho ya kuona: yalipiga picha ya barabara na kuituma. Roboti ya kijana wetu ni kinyume. Haioni kitu, haina kamera hata moja, lakini inaonekana kuwa inakuona. Hizo ni kazi mbili tofauti, na zote mbili ni za akili. Huko Marekani, katika chuo cha MIT, mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Cynthia Breazeal alitengeneza kichwa cha roboti kilichoitwa Kismet. Kilikuwa kichwa tu, chenye macho, vigubiko, nyusi, masikio na midomo. Kilitoa sauti kama za mtoto mchanga, hakikusema neno hata moja linaloeleweka. Hata hivyo watu wazima waliketi mbele yake na kuzungumza nacho kama wanavyozungumza na mtoto. Kazi hiyo ilifungua njia kwa wengine wanaotengeneza mashine za kuishi karibu na watu. Hakuna aliyesimama kuuliza kama Kismet italeta unga.

Sikatai kwamba swali la unga ni swali la kweli. Mimi pia ninanunua unga, na ninajua bei yake hapa Kolwezi. Najua kuna mitaa ambayo maji hayatoki bombani na umeme unakatika siku nzima. Mtu anayefikiri kwanza juu ya chakula cha jioni si adui wa maendeleo. Lakini tuangalie hesabu yetu vizuri. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa kwetu Lualaba. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba mpaka ndani ya viwanja vyao na chini ya nyumba zao. Baba zetu walifanya kazi Gécamines, babu zetu Union Minière. Shaba imetoka miaka zaidi ya mia moja. Ukifungua ile mota ndogo ya kijana wa Kapata, ndani unakuta nyuzi nyembamba za shaba. Inawezekana shaba hiyo ilitoka chini ya miguu yetu, ikazunguka dunia, ikarudi kwa basi la Lubumbashi kwa bei ya dola.

Mashine za migodini nazo zinabadilika. Zinakuja na kamera, na vipimo, na mota zinazotii amri za programu. Zikiharibika, nani ataitwa? Kama vijana wetu wanajua kubeba mifuko tu, fundi atakuja kwa ndege. Anayeanza leo kunyoosha macho ya makengeza ya roboti, kesho hataogopa kufungua kipimo cha mashine kubwa. Sisemi kila mtoto atakuwa mhandisi. Nasema kwamba tukimkatisha tamaa yule mmoja mwenye moyo, tumepoteza mtu ambaye hakuna kampuni itakayeturudishia.

Na fedha za kuanzia si ndoto. Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni za madini zitenge angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jumuiya zinazozizunguka, na fedha hizo zisimamiwe na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jumuiya. Tunapokutana kupanga miradi tunataja barabara, visima, madarasa. Ni sawa, na viendelee. Ombi langu ni dogo: katika kila shule ya sekondari ya ufundi, chumba kimoja kiwe na meza yenye vifaa. Koleo, misumeno midogo, chuma cha kuchomelea risasi, kipima umeme, ubao kumi za programu, mota ndogo hamsini, na paneli ya jua ili wasisubiri umeme wa mtaani. Sitaji bei, wataalamu watapiga hesabu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuona bei ya gurudumu moja la lori la mgodini anajua kwamba meza hiyo si mzigo.

Kwa walimu na maprefe nina neno moja. Msianze na roboti nzima inayotembea. Wanafunzi watashindwa na kuchoka. Anzeni na macho. Jozi moja ya macho inatosha kufundisha kiungo, kijiti, kipimo, umeme na programu, na inakaa juu ya daftari. Tena kila mtu anaweza kuisahihisha, hata bibi asiyejua kusoma, kwa sababu sote tumezaliwa tukijua kuangalia uso. Bibi atakuambia «huyu ana hasira» au «huyu ana usingizi», na mwanafunzi atajua kama amefaulu.

Kwa wazazi: wengi wetu tulitengeneza magari ya waya tukiwa wadogo, magurudumu ya kandambili zilizokatika, usukani mrefu wa kusukuma tukiwa tumesimama. Hakuna aliyetuuliza gari lile litabeba nini. Basi tuwape na hawa nafasi ile ile.

Nilipokuwa naondoka Kapata, kijana alinionyesha kwamba jicho la kulia limelegea tangu alipolibeba kutoka studio. Kiungo kimevunjika, na mota moja imeungua. Nilimuuliza kama atarudi shule. Alisema mwalimu wake wa umeme alikuja nyumbani siku moja kabla yangu, na wamekubaliana arudi Jumatatu. Nimepita shule Jumatatu hiyo, nikamwona kwenye mstari. Mota nimeiagiza mimi, inakuja na basi.

Ikifika na jicho likapona, nitamwalika tena kwenye kipindi. Yule papa aliyepiga simu naye nakualika, kama unasoma hapa. Njoo studio, keti mbele ya roboti, halafu umuulize kijana maswali yako. Mimi swali langu la kwanza ninalo tayari: umeyatengeneza namna gani?