Likizo Isiwe Mzigo

Jamaa zetu walioko England wanajua kwamba shule zifungapo mwishoni mwa Julai, nauli za ndege hupanda. Ndipo baadhi ya wazazi hushawishika kuwatoa watoto shuleni kabla ya wakati ili wasafiri kwa bei nafuu. Hakika huo ni unafuu wa kujidanganya. Tangu Agosti 2024, mtoto akikosa shule siku 5 bila ruhusa, kila mzazi aweza kutozwa pauni 80. Wazazi wawili wenye watoto wawili ni pauni 320. Zaidi ya fedha, mtoto hujifunza kwamba kanuni ni za wengine.

Yapasa kupanga mapema. Asiyetimiza miaka miwili hupakatwa ndegeni kwa sehemu ndogo ya nauli. Akiitimiza kabla ya kurejea, atahitaji kiti chake. Wenye watoto wasiofikia umri wa shule wasafiri Juni. Wenye wanafunzi wapunguze umbali, wasipunguze masomo: feri ya Dover hufika Calais, Ufaransa, kwa takriban saa moja na nusu, nanyi mwaweza kwenda na gari lenu, hema na vyombo vya kupikia.

Mtoto mdogo haulizi hoteli ina nyota ngapi. Humtaka baba na mama walio karibu naye, wasiotafunwa na deni.