Ndugu Zake Yusufu Walisikia

Wapo kati yetu wanaosema kwamba maonyesho ya sauti kuhusu utumwa, yale ambayo watu huketi gizani wakizungukwa na minyororo, nyayo za misafara na vilio, si ya kuletwa katika ukumbi wa kanisa. Utumwa, wanasema, ni habari ya pwani, tena umekwisha.

Tunakataa. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Leo wageni wanapiga picha za minyororo, kisha wanatoka kwenda kunywa madafu. Picha unaweza kuipa kisogo. Kilio kinakufuata. Wala habari hii si ya pwani peke yake: wazee wa Serengeti wanasimulia njaa ya mwisho wa karne ya 19, watoto walipopelekwa Usukuma kubadilishwa na nafaka.

Yusufu aliuzwa na ndugu zake, wafugaji kama sisi. Mwanzo 37 inasema walimtupa shimoni, wakaketi kula. Tunangoja mpaka sura ya 42 ndipo wenyewe wakiri kwamba alikuwa akiwasihi na hawakumsikiliza. Kumbe walisikia!

Sasa njooni Tarime na Serengeti msimu wa tohara, Desemba. Shule zimefungwa. Ndani tunafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Nje zinapita ngoma na vigelegele vya kuwasindikiza wasichana waliokeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Tunaijua. Hatusemi mahari ni utumwa. Mama zetu waliolewa kwa mahari na kwa heshima. Lakini binti anayekatwa bila kuulizwa, kisha akatolewa kwa ng'ombe bila kuulizwa, au anayekimbia usiku kutafuta nyumba salama Mugumu au Masanga, tumwiteje? Kwaya inapandisha sauti. Na baadhi yetu, wazee wa kanisa tukiwemo, tumekula nyama ya sherehe hizo.

Basi spika ziletwe, taa zizimwe. Baada ya minyororo ya Mkunazini isikike na ngoma ya Desemba, ya hapahapa kwetu. Asiyeweza kuivumilia kwa robo saa ukumbini atuambie aliwezaje kula.