Weka Simu Mfukoni, Huyo Ndege Si Mpinzani Wako

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Nilipanda SGR mpaka Voi, nikashika matatu ya Wundanyi, nikapanda hadi msitu wa Ngangao kwa sababu moja tu: klipu. Nilitaka kumnasa apalisi wa Taita. Ni ndege mdogo, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, na duniani kote anaishi kwenye Milima ya Taita pekee.

Ndani ya msitu kuna ukungu, majani yamelowa, na chini ya miti mikubwa vichaka vimeshikana. Huko ndiko anakojificha. Saa nzima nilisikia sauti tu, sikuona hata unyoya. Nikachoka. Nikatoa simu, nikatafuta mlio wake niuweke kwa spika ili aje.

"Kijana, rudisha hiyo," mzee aliyekuwa akituongoza akaniambia. "Akisikia hivyo anadhani mwenzake amekuja kumnyang'anya boma. Ataacha kula, ataacha makinda, aje apigane na simu yako."

Manze, nilinyamaza.

Maoni yangu ni haya: tuache hii tabia, hasa kwa ndege waliobaki wachache. Apalisi wa Taita yuko kwenye daraja la walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Misitu mingi ya asili huko ilifyekwa ikapisha mashamba, na iliyobaki ni vipande vipande. Hana pa kuhamia. Wewe utaweka sauti mara moja, sawa. Na kesho mwingine, na wikendi wengine kumi. Atakula saa ngapi?

Najua utasema, "Bila video, nani atajua yupo?" Ni swali zuri, na mimi naishi kwa macho yenu. Lakini unaweza kurekodi msitu, ukungu, njia, hata kusubiri kwenyewe. Mlipe mwongozaji wa pale pale, kwa sababu yeye anajua ndege hupita wapi, na hiyo pesa inampa sababu ya kuulinda msitu.

Tulikaa kimya kama dakika 20. Halafu kitu kikatikisika kwenye mtambaazi, chini kabisa. Kijivu, jeupe, mkia juu. Sekunde mbili hivi, akapotea.

Sina klipu. Mkitaka kuamini, aminini. Mkikataa, nendeni Ngangao mkakae kimya.