Pikipiki ya Hapa na Pikipiki ya Nje: Ipi Iliyo Yetu?

Waswahili tuna msemo wa tangu na tangu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu ulinijia kichwani hivi karibuni nilipokuwa Kaaga, kitongoji cha mji wa Meru, mahali ambapo sikutazamia kupata somo la utamaduni, tena kutoka kwa vijana wa bodaboda.

Nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu ambaye ni mwalimu huko. Kwa mtu wa pwani, Meru si ugenini kabisa. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, huko baharini, na kwamba walikihama usiku kwa usiku kuwakimbia watu waliowaita Nguu Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Wapo wataalamu wanaodhani Mbwaa hiyo ni Manda yetu, karibu na Lamu. Basi nilipovaa kofia yangu ya vito na kushika njia kutoka msikitini siku ya Ijumaa, nilijihesabu kuwa nusu mwenyeji.

Nilipofika Makutano kutafuta usafiri wa kunirudisha Kaaga, nilikuta vijana wamekusanyika. Zilikuwa zimesimama pikipiki nne kubwa zilizotoka Nairobi zikielekea Isiolo. Hizi si pikipiki za kubebea abiria na magunia. Ni zile za kutembelea, zenye kiti cha chini, usukani mpana uliopanda juu kama pembe za ng'ombe, na injini inayonguruma kwa kituo kama simba aliyeshiba. Moja ilikuwa Harley-Davidson ya Marekani. Vijana waliizunguka kama watoto wanavyomzunguka bibi harusi.

Kijana mmoja akasema, "Hii ndiyo pikipiki, ya nje." Wa pili akajibu kwa hasira kidogo, "Hiyo ni ya sinema. Mimi yangu imeundwa Kenya. Ni ya hapa." Wa tatu akacheka: "Yako imefungwa nati Kenya. Imeundwa India." Ubishi ukawaka. Mmoja akaniona na ndevu zangu nyeupe, akasema, "Mzee wa Mombasa, tuamulie wewe. Ya hapa ni ipi na ya nje ni ipi?"

Nilijifanya nina haraka, kwani ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nalileta hapa mbele ya wasomaji.

Kwanza tuitazame hiyo Harley-Davidson, maana Wamarekani nao walibishana ubishi huu huu kabla yetu. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilikuwa taabani kwa ushindani wa Wajapani. Rais Reagan akaikinga kwa kupandisha ushuru wa pikipiki kubwa zitokazo nje, zile zenye injini ya kupita sentimita 700 za ujazo, kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4, kisha ushuru huo ushuke mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Wajapani wakafanya nini? Wakatengeneza injini za sentimita 699! Aidha, Honda ilikuwa imekwisha kujenga kiwanda chake Marysville, katika jimbo la Ohio, na tangu 1979 ikiunda pikipiki humo kwa mikono ya Wamarekani. Na Harley yenyewe, fahari ya Marekani, ilikuja kuvaa kabureta ya Keihin na shokabu za Showa, vyote kutoka Japani.

Sasa niambie, msomaji, ipi hapo ni ya nyumbani na ipi ni ya kigeni?

Lakini jambo lililonivutia zaidi ni hili. Wakuu wa Harley hawakujificha nyuma ya ushuru wakalala. Walikwenda kukitembelea kiwanda kile cha Honda, wakaangalia jinsi wenzao wanavyofanya kazi, wakarudi kurekebisha kwao. Machi 1987, muda haujaisha, waliiomba serikali yao iondoe ushuru ule kwani hawakuuhitaji tena. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

India nayo ina kisa chake. Pikipiki nyingi unazoziona katika vituo vya Kenya, Tanzania na Uganda ni Bajaj na TVS, nazo ni za Kihindi. Lakini Wahindi hawakuzaliwa nazo mkononi. Katika miaka ya 1980 Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS ikashirikiana na Suzuki, na Hero, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli, ikaungana na Honda mwaka 1984. Walianza kama wanafunzi. Kabla yao, tangu mwaka 1955, watu wa Madras walikuwa wakiunganisha pikipiki za Royal Enfield zilizotoka Uingereza. Leo kiwanda cha Uingereza kimekufa zamani, na Royal Enfield ni ya India. Mtoto wa kulea amerithi nyumba.

Nasi je? Kenya imekuwa ikiunganisha magari tangu miaka ya 1970, na sisi watu wa Mombasa tunakijua vizuri kiwanda cha Miritini. Kwa pikipiki, mlango ulifunguka wazi mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya thamani kwa zile zenye injini isiyozidi sentimita 250 za ujazo, ili vijana wapate kazi. Zikamiminika. Baadaye zikaanza kuunganishwa kwa wingi nchini: TVS kwa mikono ya Car & General, kampuni iliyozaliwa Nakuru mwaka 1936, na Honda katika kiwanda chake Nairobi. Sababu moja ni ushuru, kwani chombo kinachoingia vipande vipande hutozwa kidogo kuliko kilichoingia kizima.

Silidharau jambo hili. Kufunga nati ni kazi, na kijana anayefunga nati Nairobi anakula halali na kulisha watoto. Lakini yule kijana wa tatu pale Makutano alisema kweli. Ikiwa fremu, injini, gia, hata waya wa taa vimetoka ng'ambo ndani ya sanduku, basi kilicho chetu ni jasho la siku moja tu. Miaka mingi imepita tangu tuanze kufungua masanduku, na bado tunayafungua.

Wapo watakaosema dawa ni kuunda kila kitu wenyewe tangu mwanzo. Hilo nalo tulilijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani kwa shangwe. Nakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Lakini yaliishia magari machache ya majaribio, hayakuingia sokoni kamwe. Nionavyo mimi, kosa halikuwa ujasiri, wala si akili za wataalamu wale. Nchi haikuwa na mafundi wengi wa chini yao, wale wa kutengeneza kila kipande kidogo kwa bei ya kuuzika.

Hapa nataka kuingiza mfano wa nyumbani kwetu, nao ni leso, au kanga kama wasemavyo wenzetu. Nani atathubutu kuniambia kuwa leso si vazi letu? Binti huzaliwa akafungwa leso, huolewa kwa leso, na mama akifa huaga dunia leso zikiwa juu ya jeneza lake. Hata hivyo, kwa miaka mingi leso zilipigwa chapa Uingereza, kisha Japani na India. Tulichokuwa nacho sisi ni jina. Jina la leso, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, lilitungwa hapa, na akina mama wa Mombasa, Lamu na Unguja ndio waliokuwa mahakimu. Jina likikosa ladha, mzigo unamlalia mwenye duka. Kiwanda cha mbali kilimtii mwanamke wa Mji wa Kale ambaye hajapata kukiona.

Basi pale Makutano nikazitazama zile pikipiki za kazi, nikaona leso! Kila moja ina kipande cha mpira nyuma ya gurudumu, kimeandikwa maneno: dua, kijembe, jina la mama. Fundi wa jua kali ameongeza keria ya chuma ya kubebea mzigo, amechomelea vyuma vya kukinga miguu, kiti kimeshonwa upya kikarefushwa. Pikipiki iliyotengenezwa kwa barabara za India imekatwa na kushonwa upya kwa vilima vya Meru. Hapo nilisema moyoni, hiki chombo kimeanza kusema Kiswahili.

Lakini leso inatufunza na upande wa pili, nao ni mchungu. Tulikuwa na jina, wenzetu wakawa na kinu. Faida kubwa ilipanda meli. Tukiridhika kwa kupamba pikipiki kwa maneno mazuri, tutabaki watunzi wa majina juu ya nguo ya mwenzetu.

Kijana aliyenipeleka Kaaga ndiye aliyenipa ufunguo wa suala hili. Njiani, juu ya kilima, nilimuuliza, "Mwanangu, wewe unapenda ya hapa au ya nje?" Akapunguza mwendo, akanisimulia. Pikipiki yake ya kwanza ilinadiwa kuwa ya nyumbani, iliyounganishwa nchini. Akaichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, wenye riba juu yake. Siku moja kipande kimoja cha gia kikavunjika. Akaenda kwa wauzaji, akaambiwa asubiri. Akasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pikipiki ililala chini lakini deni halikulala. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo. Mwisho wenye mkopo wakaja wakaichukua ikiwa mbovu vile vile. Hii aliyonayo sasa iliingia nchini nzima nzima kutoka India, kuukuu kidogo, lakini kila spea yake inauzwa kando ya kibanda cha mboga, na hakuna fundi katika mtaa asiyeijua.

"Mzee," akaniambia, "yangu ni ile ninayoweza kuifungua mwenyewe na kuifunga tena."

Wallahi nimesoma vitabu vingi, sijakuta maelezo ya umiliki yaliyo mafupi na kweli kama hayo.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa vijana wa Makutano ni hii. Msiulize pikipiki imezaliwa wapi, wala nati zimefungwa wapi. Ulizeni maswali matatu: Ikiharibika Kaaga, yaweza kutengenezwa Kaaga? Kipande kilichovunjika, kipo fundi wa nchi hii awezaye kukitengeneza? Na mwenye kuiendesha, je, mwisho wa deni anabaki na chombo au anabaki na makovu? Inayojibu vyema ni ya hapa, hata kama imetoka Japani. Inayoshindwa ni ya nje, hata ikipakwa rangi za bendera yetu.

Serikali nayo ina lake la kujibu. Ikiwa wenye viwanda wanapunguziwa ushuru kwa jina la kuunda nchini, basi na watimize neno hilo. Waanze na vilivyo vyepesi: viti, keria, vioo, cheni, viatu vya breki. Wanunue kwa mafundi wetu, na mwaka hadi mwaka orodha irefuke, kama walivyofanya Wahindi. Na vyuo vya ufundi, Meru, Mombasa na kwingineko, vifunze vijana kuchonga kipande kwa mashine ya kukereza, si kukibadilisha tu. Kinga isiyokuwa na muda wala sharti hulea uvivu. Harley ilipona kwa sababu ilijua ngao yake ina mwisho.

Jambo hili ni la leo kwelikweli, kwa kuwa zamu ya petroli inaanza kupita. Pikipiki za umeme zimekwisha kubuniwa Nairobi, kama zile za Roam, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus. Nafurahi kuziona. Lakini nitaziuliza maswali yale yale matatu, na hasa juu ya betri. Betri ikifa katika kilima cha Kaaga, je, yupo kijana pale awezaye kuifungua na kuifufua, au itabidi tena asubiri sanduku, na deni likimhesabia siku?

Nilipofika mlangoni mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona umechelewa?" Nikamwambia nilikuwa darasani. Usiku ule nikatunga ubeti huu, nikampa yule kijana aliponijia asubuhi kunipeleka stendi. Akauweka mfukoni, akasema atauandikisha nyuma ya gurudumu, ingawa utambidi aongeze mpira.

Chombo si chetu kwa jina, hata tukakisifia,
Kikiharibika tena, nani atakitibia?
Fundi akifunzwa sana, na chuma akakitia,
Hapo sasa tutanena, chetu cha kujivunia.