Mtoto Ataka Boti ya Mashindano: Tumwambie Nini?



Jumamosi moja, punde tu baada ya sala ya isha, simu yangu ililia. Alikuwa dada yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi na wanawe katika mji wa Kent, kusini ya Seattle, huko Marekani. Sisi hapa tunajiandaa kulala, wao ndio kwanza wanakunywa chai ya asubuhi. Hata hali hakunijulia vyema. Akasema, "Kaka, nataka neno moja kwako. Sema ni israfu, sema ni haramu, sema utakalo, maadamu huyu mwanao asinunue."

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu ana miaka 16. Likizo nzima alifanya kazi, akaweka akiba. Sasa ataka kununua boti ndogo ya mashindano inayoendeshwa kwa rimoti kutoka ukingoni. Si ile ya betri wachezeayo watoto, bali ya injini ichomayo mafuta, ya aina iitwayo haidropleni. Mama mtu ameona picha, amesikia mngurumo, ameuliza bei, na moyo wake umekataa.

Nakiri kwenu kwamba neno "israfu" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini nikakumbuka tulivyofunzwa chuoni tungali wadogo, kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Na mimi kitu hiki sikukifahamu. Tena lilikuwapo jambo jingine. Baba wa kijana huyu alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo mtoto hutoka chumbani kwa kuitwa. Hili la boti lilikuwa jambo la kwanza alilolitamani mwenyewe. Nikamwambia dada, "Nipe wiki moja." Kisha nikampigia kijana, nikamwomba anisomeshe. Kwa siku sita mwanafunzi nilikuwa mimi.

Kwanza, tusimlaumu kwa kupenda alichokipenda. Mtoto wa Lamu hukua akitazama majahazi yakishindana. Mtoto wa Seattle hukua na haidropleni. Mwaka 1950, boti iitwayo Slo-mo-shun IV, iliyobuniwa na Ted Jones, ilikimbia katika Ziwa Washington kwa mwendo wa maili 160 kwa saa, ambazo ni karibu kilomita 258, ikavunja rekodi ya dunia. Mwaka huo huo ilishinda Kombe la Dhahabu huko Detroit, na mwaka uliofuata mashindano hayo yakahamia Seattle. Watoto wa mji ule wakawa wanachonga boti za mbao na kuzikokota kwa kamba nyuma ya baiskeli, kama sisi tulivyoelea makarara ya minazi tukayaita majahazi. Hapo Kent penyewe pana jumba la makumbusho ya boti hizo.

Sasa haidropleni ni nini? Boti ya kawaida hulima maji. Haidropleni hukimbia juu yake. Mbele ina viguu viwili vipana, kimoja kila upande. Nyuma hubebwa na rafadha yake, ambayo nusu yake huwa majini na nusu iko nje. Kwa hiyo ikishika kasi, chombo kizima hugusa maji mahali patatu tu, na hewa hupita chini ya tumbo lake ikaliinua. Hapo ndipo ilipo siri ya mwendo, na hapo ndipo lilipo balaa: wimbi dogo au upepo wa mbele ukiinua pua kupita kiasi, boti huruka ikapinduka kinyumenyume. Zaidi ya hayo, katika mashindano ya boti hizi ndogo huko Marekani, mzunguko hufuata mshale wa saa. Pezi la kuishika kona hufungwa upande wa kulia. Basi kuikata kushoto kwa kasi ni kuitafutia ajali.

Kwa sababu hizo, wazoefu wengi humshauri anayeanza atangulize boti ya tumbo lenye umbo la V, ambayo husamehe makosa. Nilipomwambia kijana hivyo, alinijibu kwa adabu, "Mjomba, klabu ya hapa kwetu hushindanisha haidropleni. Nikinunua boti nyingine nitacheza peke yangu." Jibu hilo lilinifungua macho. Ukitaka kumchagulia mtoto chombo cha mashindano, usianze kwa kuuliza kipi kina kasi. Uliza wenzake watarajiwa wanashindana kwa daraja gani, kwani boti hupangwa kwa aina ya umbo na ukubwa wa injini. Boti nzuri isiyo na daraja katika klabu ya karibu ni sawa na mchezaji hodari asiye na timu.

Lakini hata ndani ya haidropleni mna uchaguzi. Aliyoitamani yeye ilikuwa ile yenye kiwiliwili chembamba na viguu vilivyotandazwa mbali kwa vyuma, mfano wa ngalawa na mbao zake za pembeni. Hiyo hupita kilomita 100 kwa saa na hukata kona kama wembe, ila ni nyepesi, haitaki kosa. Ipo ya pili, yenye sitaha pana iliyofunika kila kitu, iliyoigizwa boti kubwa za mashindano. Hii ina mwendo mdogo kuliko ile, lakini ni imara zaidi, na ikigongwa hutengenezeka. Nikamwambia, "Mwanangu, wa kwanza kumaliza ni yule aliyemaliza. Boti iliyopinduka haihesabiwi kasi yake." Alicheka; na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Likaja suala la mafuta. Ziko injini ndogo zinazotumia methanoli iliyochanganywa na nitromethani pamoja na oili. Zina nguvu ya ajabu kwa udogo wake, nyingi zikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 3.5 au 7.5 tu. Lakini mafuta yake ni ghali, kabureta yake hutaka kurekebishwa kila hali ya hewa ibadilikapo, na zisiposafishwa na kutiwa oili baada ya mchezo, hushika kutu ndani. Kisha methanoli ni sumu. Mtu akiinywa huweza kupofuka au kufa. Aina ya pili ni injini za petroli, zilizo ndugu wa zile za mashine za kukatia majani. Maarufu katika hizo ni Zenoah ya Kijapani, yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 26. Hutumia petroli ya kituoni iliyochanganywa na oili, huwashwa kwa kuvuta kamba, na ikisharekebishwa hukaa hivyo muda mrefu. Kasoro yake ni uzito. Boti yake hupita urefu wa mita moja, na bei ya mwanzo si ndogo. Kwa kijana asiye na baba wa kumshikia bisibisi, nikaona petroli ina nafuu kubwa.

Ama kuhusu mpya au kuukuu, hapa akina mama sikilizeni vyema, maana kanuni hii inafaa hata kwa cherehani na pikipiki. Mpya iliyo dukani hung'aa, lakini haijathibitisha kitu. Iliyotumika, ikiuzwa na mwanachama anayejulikana klabuni, huja pamoja na mwalimu wake: yule yule aliyeiuza atakuwapo Jumapili ijayo kukuonyesha ilivyo. Ila usilipe mpaka uione ikikimbia majini. Kisha ifungue. Tazama maungo ya viguu kama yana ufa. Gusa mbao za ndani kama zimelowa na kulainika. Hakikisha yamo maboya ya sponji au povu, ili ikipinduka isizame. Ichomoe shafti inayozungusha rafadha uone kama imelika. Mwisho hakikisha rimoti imewekwa kiasi kwamba mawasiliano yakikatika, injini hujirudisha chini yenyewe. Bila hilo la mwisho boti si chombo cha mchezo, ni kombora.

Katika hesabu ya fedha, tukamfanya kijana aandike kila kitu: boti, rimoti, betri zake, rafadha ya akiba, kopo la mafuta, stendi ya kuiwekea, na ada ya uanachama, ambayo katika vyama vikuu vya huko huambatana na bima. Alipojumlisha, aliona akiba yake haitoshi kwa ile aliyoitamani, lakini yatosha kwa iliyotumika na salio kidogo libaki. Uamuzi huo aliufanya mwenyewe, kwa kalamu yake. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Israfu niliyoiogopa ilikuwa katika kununua chombo bila nyenzo, kikae gereji mwaka mzima kikikusanya vumbi. Nikamuuliza pia habari za zawadi. Akaniambia hapo klabuni kwao mshindi hupewa kikombe, na hakuna anayewekeana dau. Hapo sikuwa na la kumkataza.

Lakini limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike safu hii. Haidropleni haiendeshwi na mtu mmoja. Mwenye rimoti husimama ukingoni, na mtu wa pili huishika boti injini ikiwa imewaka, akaiachia majini kwa msukumo mnyoofu. Mashindano yakianza, msaidizi husimama ubavuni mwa mwendeshaji, akimwambia saa imebaki kiasi gani, nani yuko nyuma yake, na boya lipi limegongwa. Mwendeshaji macho yake yako kwenye boti; macho mengine ni ya msaidizi. Nilimuuliza mpwa wangu, "Nani atakushikia?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ningekuwa na baba..." Hakumaliza, nami sikumtaka amalize.

Juma lilipokwisha nilimpigia dada yangu. Nikamwambia, "Uliniomba neno moja la kumkataza, mimi nakupa sharti moja la kumruhusu. Asinunue mpaka nawe uende naye ukaone." Alinung'unika, akaenda. Aliniambia baadaye kwamba mzee mmoja wa klabu ndiye aliyemfundisha kuishika: miguu imara, vidole mbali na rafadha, maana hiyo ni kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Akamwambia pia afunge mikono ya abaya kwa mpira mpaka kwenye kiwiko, na ncha za mtandio azitie ndani. Petroli huwekwa nje ya nyumba, katika kopo lake maalumu, mbali na moto na mbali na watoto wadogo. Mambo haya yote yalikuwa ni hofu alipokuwa hayajui. Alipoyajua yakawa ni utaratibu.

Boti waliyonunua ni kuukuu, ina rangi iliyochubuka, na shindano la kwanza ilimaliza ya mwisho. Dada yangu alinisimulia habari hiyo kwa sauti ambayo sikuisikia kwake kwa miaka mitatu. Alisema, "Kaka, ya mwisho, lakini haikupinduka!" Nyuma yake nilimsikia kijana akimsahihisha: "Mama, tulimpita mmoja kwenye kona."

Wazazi wenzangu, mtoto anapokuja na jambo geni, hasa mtoto aliyenyamaza muda mrefu, tusikimbilie hukumu ili kujipunguzia kazi ya kulifahamu. Pengine litastahili kukataliwa, na tutalikataa kwa hoja. Lakini pengine chini ya boti, au baiskeli, au mpira, mna ombi jingine ambalo mtoto hajui kulitamka: anatafuta mtu wa kumshikia.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.