Mwalimu wa Malezi Asiachwe Peke Yake

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwalimu wa malezi ni mwalimu kama wenzake. Ana vipindi vyake vya Hisabati, madaftari ya kusahihisha na zamu ya wiki. Juu ya hayo yote, ndiye anayetakiwa kumsikiliza mtoto aliyekuja shuleni na alama za mkanda mgongoni. Mara nyingi hana hata chumba cha faragha, hivyo mazungumzo hufanyika kwenye kona ya ofisi ya walimu huku wengine wakiingia na kutoka. Kengele ikilia, mtoto anarudi darasani na habari yake imeishia nusu.

Ukubwa wa tatizo la ukatili kwa watoto unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2009, ambao matokeo yake yalitolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kuwalinda watoto hao, na inamtaka kila mwananchi mwenye taarifa aifikishe huko. Lakini afisa ustawi wa jamii yuko makao makuu ya wilaya, na mtoto yuko darasani.

Hebu fikiria safari ya mtoto mmoja aliyebakwa. Anamweleza mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha mtendaji wa mtaa, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi anakopewa fomu ya polisi ya PF3, na mwishowe daktari. Kila mmoja anauliza upya, na mtoto anaumia upya. Mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyesomea kazi za shuleni angemsikiliza kwa utulivu bila kumtilia maneno mdomoni, angeandika maelezo yake na kuyatunza kwa siri, angeongozana naye kituoni, kisha angemtembelea nyumbani wiki kadhaa baadaye. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwenye semina ya siku mbili.

Ndiyo maana mafunzo ya uzamili kwa wataalamu hao yanahitajika. Marekani ilianza kuweka wafanyakazi wa ustawi wa jamii mashuleni tangu 1906, na leo majimbo mengi huko hudai shahada ya uzamili kabla ya mtu kukabidhiwa kazi hiyo. Tanzania ina pa kuanzia: Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1973. Vyuo vyenye fani hii viweke mchepuo wa uzamili wa kazi za shuleni, na mazoezi yake yafanyike shuleni kwenyewe, muhula mzima.

Vyuo havitasukumwa na waraka peke yake. Wazazi walipeleke suala hili kwenye mikutano ya shule, na kamati za shule ziliandike kwenye mihtasari na kumpa diwani nakala. Waliosoma shule hizo na sasa wana kipato wachangie ada ya afisa mmoja wa wilaya yao, kwa makubaliano kwamba atarudi kuhudumia shule za huko. Walimu wa malezi nao waseme wazi kinachowashinda, tena bila kuogopa kuonekana wazembe.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Hoja isiyomfikia diwani mapema itasubiri mwaka mwingine mzima.